UZI: Nilimkata mtoto maksi kwa kuandika "skuli". Safari ya neno shule kutoka Athene hadi Tanga

#1 mwalimu_wa_barabara_ya_nane

Habari za jioni wana jukwaa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nafundisha darasa la sita hapa Tanga. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasahihisha insha. Kuna mtoto amehamia kwetu mwaka huu akitokea Pemba, na insha yake ilikuwa nzuri kuliko zote: boti ilivyoyumba, mama alivyompa ndimu anuse asitapike, hofu ya kuingia darasani mahali usipojua jina la mtu hata mmoja. Lakini kila alipotakiwa kuandika shule aliandika skuli. Mara saba. Na mara saba nikapitisha kalamu nyekundu, nikamkata maksi tatu na nusu.

Kesho yake daftari likarudi. Chini ya maksi zangu, kwa kalamu ya risasi na mwandiko wa kizamani ulioinama kulia, babu yake aliandika: "Mwalimu, asalaam aleikum. Skuli si kosa. Ndiko nilikosoma mimi."

Nililiweka daftari lile mezani na sikulisahihisha jingine usiku ule. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya neno hili, na niliyoyakuta nayaleta hapa, kwa sababu naamini walimu wenzangu wengi wanafanya kosa nililofanya mimi.

Nianze na tulikolipata sisi wa bara. Shule ni Kijerumani: Schule. Wajerumani walijichukulia bara letu kuanzia 1885, na Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyowatoa. Hapa Tanga walifungua shule ya serikali iliyofundisha kwa Kiswahili, na kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu ambazo watu wa pwani walikuwa wameandikia lugha yao kwa karne nyingi. Humo walitoka makarani na walimu. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa hapa. Kwa jumla Wajerumani hawakutuachia maneno mengi. Ukitaja shule na hela (iliyotokana na Heller, sarafu yao ndogo ya mwaka 1904), la tatu utalitafuta sana.

Visiwani ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1890 Uingereza iliiweka Zanzibar chini ya himaya yake, na neno lililoingia lilikuwa school. Ndiyo skuli ya babu.

Sasa, Schule na school ni neno moja. Yote mawili yametoka kwenye Kilatini, schola, lililoingia kaskazini ya Ulaya pamoja na Kanisa. Wajerumani wa kale waliandika scuola, Waingereza wa kale wakaandika scōl, na kote kulisikika s na k. Baadaye lugha hizo mbili zikaanza kulainisha: s na k zikikutana, zinayeyuka zinakuwa sh. Samaki kwa Mjerumani ni Fisch, kwa Mwingereza fish. Meli ni Schiff na ship. Kiatu ni Schuh na shoe. Sh kila mahali, pande zote mbili.

Likabaki neno letu. Wajerumani wakalilainisha kama yale mengine, likawa Schule. Waingereza hawakuligusa. Sababu inayotolewa ni kwamba waliolitumia kila siku walikuwa mapadri na watawa, watu wanaosoma Kilatini kutwa, na schola ya kitabuni ikawa inaishikilia k isiyeyuke. Wavuvi walilainisha samaki wao, lakini watawa waliliacha schola lao na ugumu wake.

Fikirini maana yake. Kama Waingereza wangeifuata kanuni yao wenyewe, wangesema kitu kinachokaribia "shuli", na leo Mpemba na Mtanga wangeandika neno linalofanana. Tofauti niliyoikatia maksi iliamuliwa katika nyumba za watawa Uingereza, karne nyingi kabla hajazaliwa babu wa babu yake.

Na Kilatini nacho kilikopa. Kwa Wagiriki skholē maana yake ya kwanza ni wasaa: muda ambao hakuna kazi inayokushika. Kazi na shughuli waliziita askholia, yaani kukosa wasaa. Aristotle ameandika kwamba tunahangaika na kazi ili tupate wasaa. Mtu mwenye wasaa pale Athene alikwenda kusikiliza wenye elimu wakijadiliana. Basi yale mazungumzo yakaitwa skholē, kisha wale wanaozungumza, mwisho mahali penyewe. Neno lilianza likiwa jina la muda, likaishia kuwa jina la jengo.

Warumi kwa shule ya watoto walikuwa na neno lao, ludus, ambalo maana yake nyingine ni mchezo. Kambi ya kuwafunza wapiganaji wa uwanjani nayo iliitwa ludus. Ile kubwa ilikuwa jirani kabisa na Colosseum. Schola lilikuwa neno la mafunzo ya ngazi ya juu. Aliyelipa nguvu ni Kanisa. Mtakatifu Benedikto, karne ya 6, aliita monasteri yake schola ya kumtumikia Bwana, na mwaka 789 mfalme Karolo Mkuu aliamuru pawepo schola za watoto wajifunze kusoma, kwenye monasteri na makanisa ya maaskofu. Ludus likazama.

Nitaendelea. Kwanza nataka kusikia wenzangu: huko mliko mnasemaje, na neno lilifikaje?

#2 Kalenga_Juu

Mwalimu, umeshusha nondo. Nimekaa mkao wa kula.

#3 NyotaYaMakueni

Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkamba, naandika kutoka mji wa Wote, Makueni. Nina swali na nakuuliza kwa heshima. Kenya hatukutawaliwa na Wajerumani. Mbona sisi pia tunasema shule? Kama neno linafuata mtawala, ilitupasa kusema skuli kama Wazanzibari, maana mtawala wetu alikuwa yule yule. Kwa nini nisiamini kwamba shule ni school iliyobadilika tu midomoni mwetu?

#4 mwalimu_wa_barabara_ya_nane

Marahaba. Swali lako limenifanya nirudi vitabuni, na nashukuru.

Kwanza, kwa nini si school iliyobadilika. Angalia ile e ya mwisho. School haina e inayotamkwa, Schule inayo. Pili, sh haikutoka hewani: Kiswahili kikipokea sk ya Kiingereza hakiigeuzi kuwa sh. Sketi haikuwa sheti, skrubu haikuwa shrubu, biskuti haikuwa bishuti. Tatu, tazama ramani. Rwanda na Burundi zilikuwa sehemu ya koloni hilo hilo la Wajerumani hadi 1916, na Wanyarwanda wanasema ishuri, wingi amashuri. Wabelgiji walikuja baadaye na Kifaransa chao wakakaa miongo minne na zaidi, lakini ishuri haikung'oka.

Kenya sasa. Mwaka 1928 palikuwa na mkutano Mombasa wa kuamua Kiswahili kipi kitumike katika shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo yote manne, na vitabu vikaanza kufuata maandishi ya aina moja. Kwa hiyo shule imewafikia kwa njia ya kitabu. Nina swali kwako: nyumbani, kwa Kikamba, mnaitaje?

#5 NyotaYaMakueni

Sukulu! Nyanya yangu hata leo hasemi vingine: "kana kethi sukulu", mtoto aende sukulu. Na jirani zetu Wakikuyu wanasema cukuru. Sasa naona. Kwa lugha ya mama tulipokea kutoka kwa Mwingereza moja kwa moja, na kwa Kiswahili tukapokea kutoka kwa Mjerumani kupitia kitabu. Nimetumia maneno haya mawili maisha yangu yote, asubuhi moja nyumbani na nyingine darasani, na sikuwahi kuyaona kuwa ndugu.

#6 Mlinzi_wa_Sanifu

Historia ni nzuri, lakini tusichanganye mambo. Sanifu ni sanifu. Mtoto huyo atafanya mtihani wa taifa. Msahihishaji hatajua boti wala ndimu wala babu. Ukimwachia skuli leo unamwonea huruma, kesho atalia. Kazi ya mwalimu ni kumpa mtoto lugha itakayomvusha.

#7 kaka_wa_Chake

Asalaam aleikum. Mie ni wa Chake Chake, na nimeusoma uzi huu mara mbili.

Ndugu Mlinzi, mtihani naufahamu na sikulaumu. Ila nakuomba jambo moja. Hiyo sanifu unayoilinda imejengwa juu ya lugha gani? Kiunguja. Lugha ya mjini Unguja ndiyo iliyotwaliwa ikafanywa kipimo cha watu wote. Sisi visiwani tumekupeni lugha nzima, nanyi mmeturejeshea neno moja mkatwambia tumekosea. Mabango ya serikali kwetu yameandikwa skuli. Ukifika mjini Unguja ukaulizia Skuli ya Lumumba au Skuli ya Haile Selassie, utaelekezwa. Wizara inaandika skuli. Hiyo si lahaja ya vichochoroni.

Na mwalimu, nakuongezea moja. Kabla ya skuli na kabla ya shule kulikuwa na chuo. Na chuo asili yake si jengo. Ni kitabu. Ukisoma tenzi za zamani utakuta vyuo, na makusudio ni vitabu. Ndiyo maana mtu mwenye elimu ya dini tunamwita mwanachuoni. Mie nilikwenda chuoni kabla ya kwenda skuli, tulikaa kwenye jamvi, kila mtu na ubao wake, wino wa masizi. Ukishahifadhi, unauosha ubao, unaandikiwa sura nyengine. Harufu ile ya ubao uliorowa ninayo mpaka leo.

Basi Wagiriki wamepaita mahali hapo kwa jina la wasaa, sie tukapaita kwa jina la kitabu.

#8 mwalimu_wa_barabara_ya_nane

Kaka wa Chake, hili la chuo sikuwa nalo. Nimefundisha miaka 14 nikiwaambia watoto "chuo ni mahali pa kusomea" na nikaishia hapo. Ahsante sana.

#9 Mhandisi_Mstaafu

Vijana, nina mchango. Nilisoma Budapest kwa ufadhili miaka ya themanini. Siku ya kwanza nilisikia iskola nikadhani ni jina la mtu.

Nilichojifunza kwa kuishi na wale watu ni kwamba sk mwanzoni mwa neno ni kama mfupa wa samaki: si kila koo linapitisha, na kila taifa lina njia yake ya kuushughulikia. Wahungari wanatanguliza i, iskola. Wahispania wanatanguliza e, escuela. Wareno escola, Wabaski eskola. Wawelisi wanatanguliza y, ysgol, na bahati iliyoje, kwao ysgol ni shule na pia ni ngazi ya kupandia, kwa sababu scala ya Kilatini, yaani ngazi, imepita njia ile ile ikatoka na sura ile ile.

Wafaransa nao walisema escole. Kisha s ikaacha kutamkwa, ikabaki kuandikwa tu, na katika kamusi ya Akademia yao ya mwaka 1740 wakaifuta pamoja na wenzake wengi, wakaandika école. Ile alama juu ya é imekaa pale s ilipokuwa. Ukilijua hili, maneno mengi ya Kifaransa yanafunguka: étoile na stella ya Kilatini, yaani nyota, ni kitu kimoja.

Wafini walifanya jambo jingine: walilipokea kutoka kwa Waswidi, wanaosema skola, wakaitupa s kabisa, wakabaki na koulu. Waestonia nao kool. Waitaliano hawana shida, scuola. Warusi shkola, Wapoland szkoła, Wacheki škola, Waalbania shkollë, Waairishi scoil.

Wanaokosekana katika orodha ni Walithuania. Wana mokykla, kutoka kwenye kitenzi chao cha kufundisha. Waturuki nao walikuwa na mektep kutoka Kiarabu, kisha katika mageuzi ya lugha ya miaka ya 1930 wakaunda okul. Linatokana na oku, soma, lakini sikio lolote linasikia école ndani yake, na walioliunda nao walikuwa na masikio.

Lakini linalonifurahisha zaidi liko kwetu Afrika. Wazulu walipokutana na sk hawakutanguliza wala hawakutupa. Waliisikia ile s kama kiambishi chao cha ngeli, isi-. Wakapata isikole, wingi izikole. Wasotho sekolo, wingi dikolo. Washona chikoro, wingi zvikoro. Yaani s ya Wagiriki imegeuzwa kuwa ngeli, na kwenye wingi inaondoka kabisa, kama vile haikuwa sehemu ya neno.

Mwalimu, hebu wape wanafunzi wako hilo halafu uwaulize: kwa Kiswahili tumefanya hivyo wapi?

#10 NyotaYaMakueni

Kitabu, vitabu! Kwa Waarabu kitāb ni neno zima, ki- si kiambishi. Sisi tukasikia ki- tukaweka vi-.

#11 Mhandisi_Mstaafu

Ndiyo, binti. Umepata yote.

#12 mama_wawili_Hamburg

Habarini ndugu zangu. Naishi Ujerumani mwaka wa tisa sasa, nimelia kidogo nikisoma uzi huu, nitaeleza.

Mwaka jana mwanangu wa kwanza alianza darasa la kwanza. Hapa siku hiyo ni sherehe kubwa. Mtoto anapewa koni kubwa la karatasi ngumu, linaitwa Schultüte, karibu urefu wake mwenyewe, limejaa peremende na penseli na vichezeo vidogo. Nililitengeneza mwenyewe usiku, nikaligandishia vipande vya kitenge. Asubuhi yake bibi yake alipiga simu kutoka Moshi. Mtoto wangu Kiswahili chake ni cha kuvunjikavunjika na ananyamaza sana mbele ya bibi, anaona haya. Siku hiyo alichukua simu akasema kwa sauti, "Bibi, leo shule!" Bibi akaelewa, akapiga vigelegele. Baadaye mtoto akaniuliza, "Mama, Bibi anajua Kijerumani?"

Nikamwambia hapana, hilo ni neno letu. Sikujua kwamba sote wawili tulikuwa sahihi.

Jambo jingine kwa wanaotafuta vyuo huku: Hochschule si sekondari. Hoch ni juu, Schule ni shule, kwa hiyo anayejua Kiingereza anadhani ni ile shule ya juu ya Wamarekani, yaani sekondari. Hapa Hochschule ni elimu ya chuo kikuu. Sekondari ya wanaojiandaa kwenda chuo kikuu inaitwa Gymnasium, ambayo nayo mtu anaweza kudhani ni mahali pa mazoezi ya viungo. Mimi nilijaza fomu vibaya nilipofika, nikapoteza muhula mzima. Msirudie.

#13 mwalimu_wa_barabara_ya_nane

Dada, mkumbatie mtoto huyo kwa niaba yangu.

Na hilo la Gymnasium lina mizizi. Akademia ya Plato na Lisiamu ya Aristotle zilikuwa kwenye viwanja vya mazoezi nje ya kuta za mji wa Athene. Vijana walikwenda kukimbia na kupigana mieleka, na wenye elimu wakawafuata huko huko, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wenye wasaa. Waingereza wakalibakiza neno kwa mazoezi, Wajerumani wakalichukua kwa masomo. Wafaransa sekondari yao wanaiita lycée, ambayo ni ile Lisiamu.

#14 MtuWaKamalondo

Jambo yenu. Mimi niko Lubumbashi. Kwetu hatuna shule wala skuli. Kwa barabara tunasema "batoto banaenda ku masomo". Masomo ni lile jengo lenyewe. Na darasa ni kalasi, ya Kifaransa. École inaandikwa kwa kibao juu ya mlango, lakini mama hamwambii mtoto "enda ku école" kama anaongea Swahili yetu ya nyumbani. Mutu anasema masomo. Niliposikia mara ya kwanza Mutanzania anasema "masomo yangu ni magumu" nilifikiri majumba ya kwao yanaanguka.

#15 Kalenga_Juu

Kwa hiyo Kongo wamepaita kwa jina la kinachofanyika humo. Kama Waganda. Nimekaa Kampala, wanasema essomero, mahali pa kusoma. Na okusoma kwao ni kusoma, na pia ni kusali kanisani. Wakristo wa mwanzo Buganda waliitwa wasomaji.

#16 samaki_wa_Mafia

Naomba kuuliza wakuu, msinicheke. Nafanya kazi na watalii wanaopiga mbizi. Waingereza wanaita kundi la samaki school. Je, na hiyo ni schola? Samaki wanasoma?

#17 Mhandisi_Mstaafu

Hatukucheki, ni swali la haki na wengi wameteleza hapo. Hapana. Hiyo ni school nyingine, imetoka kwa Waholanzi, schole ya zamani, maana yake kundi au umati. Haina udugu na Kilatini. Zimefanana tahajia, basi. Kama vile kaa la moto na kaa wa baharini.

#18 BintMuttrah

Asalaam aleikum kutoka Maskati. Sie wazee wetu walitoka Unguja, nyumbani bado tunazungumza Kiswahili, na skuli ndiyo neno letu. Mama hasemi jengine. Ila kuna kinachowachanganya watoto. Kwa Kiarabu madrasa ni shule yoyote, ya hesabu, ya sayansi, ya kila kitu. Kwa Kiswahili cha mama, madrasa ni mahali pa Kurani tu. Mwanangu akimwambia bibi yake "natoka madrasa", bibi anamuuliza umesoma sura gani, na mtoto alikuwa na mtihani wa fizikia. Neno limevuka bahari likapungua upana, na lilipotoka halikupungua.

#19 Mlinzi_wa_Sanifu

Nimesoma yote tangu niandike. Nakubali hoja ya kaka wa Chake kuhusu Kiunguja; sikuwa nimeitazama hivyo. Lakini bado namuuliza mwalimu, kwa nia njema: Jumatatu utamwambia nini mtoto? Historia yote hii haitaingia kwenye karatasi ya mtihani.

#20 mwalimu_wa_barabara_ya_nane

Ndugu Mlinzi, umeuliza linalonihusu kuliko yote, na Jumatatu imepita, kwa hiyo naeleza nilichofanya.

Nilimrudishia maksi zake tatu na nusu. Sikufuta wino mwekundu, maana wino haufutiki, lakini pembeni ya kila skuli niliweka alama ya vema, zote saba, na saini yangu. Kisha nikasimama mbele ya darasa nikasema nilikosea.

Kuhusu mtihani, sikumdanganya. Nilimwambia: kwenye karatasi ya taifa huku bara andika shule, kwa sababu anayesahihisha ameelekezwa hivyo, si kwa sababu skuli ni kosa. Kwenye insha zangu andika unavyosema nyumbani kwenu. Darasa la sita wana umri wa kulielewa hilo. Wanajua kwamba unavyomwamkia babu si unavyomwamkia rafiki.

Halafu nikaandika ubaoni skholē upande wa kushoto, schola katikati, na kutoka hapo mishale miwili, mmoja kwenda Schule hadi shule, mmoja kwenda school hadi skuli. Nikaongeza isikole na izikole kama Mhandisi alivyoshauri. Watoto walilipata la kitabu kabla sijamaliza kuuliza. Mtoto wa Kirangi aliyekaa nyuma, ambaye hanyanyui mkono mwezi mzima, akanyanyua akauliza: kama skholē ni wasaa, mbona tukiwa shuleni tunasubiri kengele ya mapumziko? Nilimwambia kwamba Wagiriki wa leo wana kitenzi skholao, na wanakitumia kwa mtu anayetoka kazini jioni. Hakuridhika, naona. Ameahidi kurudi na swali.

Mtoto wa Pemba hakusema kitu siku ile. Daftari limerudi leo. Babu ameandika tena, kalamu ile ile ya risasi: "Ahsante mwalimu. Ipo siku nitakuja huko shule kukuamkia."

#21 kaka_wa_Chake

Ameandika "shule"?

#22 mwalimu_wa_barabara_ya_nane

Ameandika shule.